Alama za Trondheim

Lahti, 12 Januari 1986

Tuulikki mwanangu,

Simu yako ya Jumapili iliyopita niliisikia ikilia, nikaiacha ilie. Usinune. Tangu sikio la kushoto lizibe, kwenye simu nasikia kama mtu anayekoroga uji. Wewe niandikie.

Huku vilima vyote vitatu vya kurukia vimejaa vijana. Kila asubuhi nakwenda kusimama chini, pale wanapotua na skii zao ndefu miguuni, nakunywa kahawa ya chupani na kuwakosoa. Wananivumilia, kwa sababu mwaka wa hamsini na tatu nilikuwa bingwa wa taifa na picha yangu bado imetundikwa kwenye kibanda cha kubadilishia nguo.

Sasa habari yenyewe. Kamati yetu ya michezo ya baridi itakutana Helsinki mwezi Machi. Ajenda ni moja: je, Finland ipeleke kwenye mkutano mkuu wa kimataifa pendekezo kwamba michezo ya sanaa, ile inayoamuliwa kwa macho ya majaji, iondolewe kwenye mashindano makubwa? Yaani utelezaji wenu wa madaha barafuni na dansi zake zote. Wameniomba mimi nifungue mjadala. Nimekubali.

Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu. Sina ugomvi na uzuri wa mchezo wenu. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiuangalia kwenye televisheni huku machozi yanamtoka. Lakini mtu akiniambia binti fulani ameshinda kwa kuwa mikono yake imepepea vizuri zaidi, mimi namwuliza: vizuri kwa nani? Mbio zina saa. Mruko una mita. Ninyi mna watu tisa waliovaa makoti ya manyoya.

Ukienda Trondheim vaa soksi mbili mbili. Upepo wa Norwe hauna adabu.

Baba yako,
Taisto


Turku, 19 Januari 1986

Baba,

Sikununa. Kwanza nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikachemsha kahawa, ndipo nikakaa kuandika.

Watu tisa wenye makoti ya manyoya! Mimi ni mmoja wao, na koti langu ni la sufu, wewe mwenyewe umelishika. Unajua tunafanya nini asubuhi kabla watazamaji hawajaingia? Wasichana wanachora duara mbili zilizoshikana, kwa ukingo mmoja wa chuma cha kiatu, mara tatu juu ya mstari uleule. Wakimaliza tunashuka barafuni, tunainama, wengine tunapiga magoti, tunatafuta mahali mstari ulipoachana na mwenzake kwa upana wa unywele. Nimepiga magoti hivyo miaka kumi na moja. Ile ni kazi, Baba, wala si ushabiki.

Na mruko wako je? Nimekulia chini ya kile kilima, usinifanye mgeni. Pale mnarani kuna majaji watano wanaotoa alama za mtindo: mwili ulinyooka vipi hewani, mtu alitua kwa utulivu mguu mmoja mbele, au alibwagika kama gunia. Na enzi zako hata hizo mita zilipimwa na wanaume waliojipanga kando ya mteremko, kila mmoja akinyoosha kidole na kupiga kelele, "Hapa! Hapa!" Ubingwa wako ulitoka machoni mwa watu. Ukituondoa sisi, anza na ile picha yako ya kibandani.

Natania. Kidogo.

Naondoka tarehe sita kwenda Trondheim kuamua Kombe la Kaskazini. Pirjetta naye anakwenda. Unamkumbuka, yule mtoto niliyemfundisha kusimama barafuni akiwa na miaka mitano? Sasa ana kumi na saba, yuko Tampere na mwalimu mwingine. Akiingia kumi bora, mwakani Finland itaruhusiwa kupeleka wasichana wawili badala ya mmoja. Chama chetu kizima roho juu.

Wako,
Tuulikki


Turku, 16 Februari 1986

Baba,

Barua hii ni yako peke yako. Ukishaisoma itie kwenye jiko la sauna, iungue.

Asubuhi ya siku ya mwisho kule Trondheim nilikuwa nakula mkate hotelini na Lindfors, mwenyekiti wa chama chetu. Akaja jaji wa nchi moja, nchi yenyewe sitaitaja, mtu mpole, akavuta kiti.

"Binti yenu ana kipaji," akasema. "Itasikitisha akiishia wa kumi na moja."

"Bado hajateleza," nikamwambia.

"Ndiyo maana tunaongea sasa."

Akaeleza taratibu kabisa, kama mtu anayekuelekeza kituo cha treni. Mimi nimpe msichana wao nafasi ya kwanza. Yeye na wenzake wawili watamsogeza Pirjetta juu. Akanyanyuka, akanitakia siku njema.

Nilidhani Lindfors atasema kitu. Alikuwa anapaka siagi. "Tuulikki," akasema, "hakuna aliyekuambia uibe. Wale wasichana wawili wa juu wanalingana. Nusu ya ukumbi watamtaka huyu, nusu watamtaka yule. Wewe kaa upande wenye faida kwetu, basi."

Baba, hawakulingana. Ragnfrid, Mnorwe, alikuwa bora. Niliona kwa macho yangu mawili jinsi alivyoingia kwenye mzunguko wake wa mwisho bila kupoteza mwendo, na yule mwingine alikuwa ameshachoka, anaburura miguu. Niliona, na mkono wangu ukaandika vingine. Matokeo yakawa majaji watano kwa wanne. Wa tano ni mimi.

Pirjetta akawa wa nane. Alinirukia shingoni kwenye korido, viatu vya barafu bado viko miguuni. "Umeona, Mwalimu? Umeona?"

Nikasema nimeona.

Tangu nirudi sili vizuri. Nimekwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Tuulikki


Lahti, 22 Februari 1986

Mwanangu,

Barua nimeipata, nimeisoma nimesimama mlangoni na kofia kichwani.

Usijitafune. Lindfors ni mtu wa kutumwa aliyevaa tai. Na wewe umewekwa mahali ambapo mtu yeyote angeteleza. Hilo ndilo ninalolisema siku zote: kosa ni la mchezo wenyewe. Mchezo unaompa mtu mmoja kalamu na kumwambia amua, unamtega. Saa haifuatwi na mtu kwenye meza ya chai.

Kula. Lala. Jumamosi nimewasha sauna, imewaka vizuri sana.

Helsinki nitazungumza kidogo tu.

Baba


Helsinki, 14 Machi 1986

Tuulikki mwanangu,

Nakuandikia kutoka hotelini kabla ya kupanda treni. Mkutano umekwisha salama. Hotuba yangu imepokelewa vizuri, watu wamepiga makofi mpaka nikaona haya, na mzee mmoja wa mbio za masafa marefu amenishika mkono akasema alikuwa anangoja miaka ishirini mtu ayaseme haya. Kura yenyewe itapigwa mwezi Mei.

Nimekula supu ya samaki pale sokoni bandarini. Haifikii ya mama yako. Barafu baharini bado nene.

Nitakuja Turku Pasaka, kama unanitaka.

Baba


Turku, 15 Machi 1986

Taisto Rautvuori,

Nimenunua gazeti asubuhi pamoja na maziwa. Nakunakilia, usije ukasema sikusoma vizuri:

"Ukumbi ulinyamaza Rautvuori alipotoa barua mfukoni na kusoma maneno ya jaji ambaye hakumtaja jina, aliyebadilisha alama ili msichana wa kwao apandishwe: Niliona, na mkono wangu ukaandika vingine."

Hukunitaja jina. Asante sana. Finland ilikuwa na jaji mmoja Trondheim. Mmoja. Kufika saa nne simu imeshalia mara sita. Lindfors alikuwa wa kwanza, anataka kujua nina wazimu gani wa kuandika mambo kama yale. Wa pili ni mwandishi wa habari. Wa tatu ni mama yake Pirjetta, na huyo alitaja jina lake tu halafu akakata.

Hukuichoma. Uliniandikia kwamba sauna imewaka vizuri, na barua yangu ilikuwa mfukoni mwako.

Nilikuwa nahesabu siku nipate ujasiri wa kwenda mwenyewe kusema. Huenda ningechukua mwezi, huenda ningechukua mwaka, lakini jambo lilikuwa langu. Umelichukua ukapigiwa makofi.

Pasaka usije. Na usiniandikie.

Tuulikki


Tampere, 20 Machi 1986

Mwalimu Tuulikki,

Mama amenikataza kukuandikia, kwa hiyo naandika shuleni wakati wa hesabu.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Mimi nilikuwa wa ngapi?

Watu hapa wananionea huruma, na huruma yao inanichefua. Wavulana wa magongo ya barafuni wakinipita wanasema, "Tumpe ngapi leo? Mpe sita zote, baba yake ametuhonga samaki." Wanaangua kicheko. Zamani ningewajibu. Sasa napita tu, kwa sababu na mimi sijui. Nilikuwa nikilala nakumbuka ule ubao ukiandika nane, nasikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Sasa nikikumbuka nawasha taa, nakaa kitandani. Ulinikumbatia ukasema umeona. Uliona nini?

Mwalimu wangu hapa anasema nisahau, nifanye mazoezi. Nitafanyaje mazoezi kama sijui nilipo?

Usinipake mafuta. Nimeshakuwa mkubwa.

Pirjetta


Turku, 24 Machi 1986

Pirjetta mpendwa,

Umeniuliza swali la haki na nitalijibu kabla sijaomba radhi, kwa sababu radhi inaweza kungoja.

Daftari langu la Trondheim ninalo. Siku zote huwa naandika kwa penseli, kabla alama za watu wengine hazijaonekana. Kwenye daftari lile wewe ni wa kumi na moja.

Kwenye maumbo ya asubuhi, zile duara, ulikuwa wa saba, na hayo hakuna aliyekuongezea. Mistari yako ilikuwa safi, nilipiga magoti nikaiona. Kilichokuangusha ni programu ndefu, ile ya muziki. Ulipunguza mwendo kabla ya kila mruko kana kwamba unaomba ruhusa, na dakika ya mwisho mikono yako ilikuwa inafanya kazi peke yake, muziki umeshakuacha. Hayo ndiyo niliyoyaona. Nilipaswa kukwambia palepale kwenye korido.

Jana nimepeleka maelezo yangu kwa shirikisho la kimataifa, yana sahihi yangu, tarehe, na majina yote mawili ya watu niliokaa nao mezani. Nimeomba Ragnfrid arudishiwe nafasi yake. Sijui kama watakubali. Mimi watanifungia, na ni haki.

Nakuomba radhi. Huhitaji kunijibu.

Tuulikki Rautvuori


Lahti, 6 Aprili 1986

Tuulikki,

Umenikataza kuandika. Naandika. Ukitaka, jiko la kuchomea barua unalo wewe pia.

Nimetafuta sababu za kujitetea, na zote zinanuka. Nilijiambia simtaji jina. Nilijiambia ni kwa faida ya michezo. Ukweli ni kwamba nilikuwa na silaha nzuri mfukoni na nilitaka kushinda. Nilipoona ukumbi umenyamaza, nilisikia raha. Basi, nimesema.

Lakini kuna jingine, na mama yako mwenyewe hakulijua.

Mwaka wa hamsini na tatu, mruko wangu wa pili. Nilitua mbali, mbali kuliko wote, lakini skii ya kulia ilicheza. Nikaweka mkono chini. Kiganja kizima, Tuulikki, kiligusa theluji. Unajua maana yake: mkono ukigusa, ni sawa na kuanguka, alama za mtindo zinaporomoka. Lakini vumbi la theluji lilikuwa limenifunika, na jua lilikuwa machoni mwa majaji. Mmoja kati ya watano aliona, akanikata sana. Kwa kanuni alama ya chini kabisa na ya juu kabisa huondolewa, kwa hiyo huyo mmoja aliyesema kweli ndiye aliyefutwa. Nikamshinda Armas Kaskela kwa nusu alama. Mimi nikachukuliwa timu ya taifa, nikaona Austria na Italia. Armas akarudi kushona viatu.

Miaka thelathini na mitatu nimewatukana majaji kila nilipopata nafasi. Watu walidhani mimi ni mtu wa misimamo. Nilikuwa nawachukia kwa sababu walinipa kisichokuwa changu na sikuwa na ubavu wa kukirudisha.

Wewe umekaa na lako wiki nne ukawa huli. Mimi nimekula vizuri miaka yote hiyo.

Sikuombi kitu.

Baba


Lahti, 25 Mei 1986

Tuulikki,

Hujajibu, na sikukulazimisha. Ila haya uyasikie kwangu kabla ya gazeti.

Kwanza nilikwenda kwa Armas. Bado ana kile kiduka karibu na kituo cha treni. Nikamngoja mteja atoke, nikamwambia yote, nimesimama kama mwanafunzi. Alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa chini pale, hatua kumi kutoka kwako. Niliona alama ya vidole kwenye theluji."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Mwaka wa kwanza nilingoja kwa hasira. Baadaye nikaoa, nikasahau kungoja." Akaangalia viatu vyangu. "Sasa unataka nikufanyie nini, Taisto? Nilie?"

Akaniambia nimwachie kiatu cha kushoto, soli imeachia.

Juzi kamati ikakutana kupiga kura. Nikaomba kusema. Nikawaeleza mkono wangu na theluji, nikawaambia jina langu lifutwe kwenye orodha ya mabingwa na la Armas liandikwe. Nikasema: mwezi Machi niliwasomea barua ya mtu mwaminifu kuliko mimi ili mcheke mchezo wake, na mchezo wangu una doa lilelile. Tatizo ni watu wanaonyamaza, na hao wako kwetu pia. Nikawaomba wapige kura ya hapana.

Unajua wakafanya nini? Wakanisikiliza kwa heshima, wakanimiminia kahawa, wakapiga kura ya ndiyo. Wanane kwa watano. Yule mzee wa mbio akanipigapiga bega: "Hotuba yako ya Machi ilikuwa bora zaidi." Niliyoyajenga mwezi Machi sikuweza kuyabomoa. Pendekezo litakwenda kwenye mkutano mkuu wa kimataifa, na ukurasa wa kwanza una jina langu.

Picha ya kibandani nimeishusha mwenyewe. Vijana wameuliza kwa nini, nikawaambia. Mmoja akasema, "Kumbe!" wakaendelea kuruka.

Baba


Turku, 8 Juni 1986

Baba,

Barua zako mbili nimezisoma. Ya Aprili sikuweza kuijibu, na hii naijibu kwa ufupi.

Shirikisho limenifungia misimu miwili. Matokeo ya Trondheim hayabadiliki. Wamesema wasije wakafungua mlango ambao hawataweza kuufunga. Ragnfrid atabaki wa pili. Lindfors amejiuzulu kwa sababu za kiafya, na jana nimemwona anaendesha baiskeli. Yule jaji mpole bado ni jaji. Pirjetta hajaniandikia.

Ulichofanya mbele ya kamati nimekisikia pia kwa watu wengine, na wote wamesimulia sawasawa. Nimefurahi kwa ajili ya Armas.

Lakini usidhani siri yako inalipa siri yangu. Ya kwako umeitoa mwenyewe, siku uliyochagua, umesimama kwa miguu yako. Hiyo nafasi mimi sikupata. Sijui nitakasirika mpaka lini. Nitakwambia itakapokwisha.

Unameza vidonge vyako?

Tuulikki


Tampere, 14 Desemba 1986

Tuulikki mwanangu,

Utashangaa kuona nakuandikia kutoka Tampere. Niko kwenye mkahawa wa kituo, treni yangu imechelewa, mbele yangu kuna kahawa na andazi la mdalasini.

Pendekezo letu, najua umesikia, kule kwenye mkutano mkuu hawakuliweka hata kwenye ajenda. Kasema mtu mmoja wa kule: watu wa televisheni wanaupenda mchezo wenyewe, hakuna la kujadili. Basi mimi na wewe tumeumizana kwa karatasi ambayo hakuna aliyeifungua.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya ubingwa wa taifa wa utelezaji. Nilijua kwamba wewe hutakwenda, ukiwa umefungiwa, na kwamba kukaa kwenye viti vya watazamaji ungeona aibu. Nikasema nitakwenda mimi. Umri wangu miaka sitini, binti yangu jaji, na sijawahi hata siku moja kukaa ukumbini nikaangalia mchezo wenu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilikuja tangu jana nikayaona na yale maumbo ya asubuhi. Majaji walipiga magoti kama ulivyosema. Kuna mmoja mnene alishindwa kunyanyuka, wakamvuta wawili.

Pirjetta aliteleza wa mwisho. Mimi sina maneno ya kwenu, nitatumia ya kwetu. Alikuja kwenye mruko wa kwanza kwa kasi ambayo mimi kwenye kilima ningeiogopa. Hakupunguza. Nilishika kiti cha mbele, mwenye kiti akageuka. Akaruka, akatua, na mwendo ukaendelea kana kwamba kutua kwenyewe ndiko kulikomsukuma. Sisi tunakesha miaka kutafuta kutua kwa namna hiyo. Mruko wa pili vilevile. Wa tatu akaanguka, kishindo mpaka juu tulikokaa, na kabla sijafungua mdomo ameshasimama na ameukamata muziki palepale alipouacha. Dakika ya mwisho ukumbi mzima ulikuwa hauna kikohozi.

Wakampa nafasi ya tatu.

Ya tatu! Yule wa pili hakuanguka, ni kweli, lakini aliteleza kama mtu anayevuka barabara. Nilisimama nikapiga kelele, "Majaji mna macho au vifungo?" Mama mmoja nyuma yangu akanivuta koti. "Mzee, kaa chini, aliyeanguka ni yeye." Tukagombana mpaka taa zikawashwa. Mwishowe akanigawia pipi nyeusi ya chumvi, lakini hakunikubalia, na mimi sikumkubalia.

Nikamngoja Pirjetta kwenye korido. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyesoma ile barua?"

"Ndiye mimi."

"Umekuja kusoma nyingine?"

Nilistahili. Nikamwambia nimekuja kuangalia tu, na kwamba kwangu mimi alikuwa wa pili.

"Wa tatu ni sawa," akasema. "Nimeanguka." Akaanza kufungua kamba za viatu, akafungua kimoja kizima. Halafu akasema, "Mwambie nilikasirika miezi sita. Mwambie daftari lake lilikuwa sahihi. Na mwambie asitume wazee, aje mwenyewe."

Nimefikisha.

Hujaniambia kama hasira imekwisha, na siulizi. Treni imetangazwa.

Baba


Turku, 18 Desemba 1986

Baba,

Haijakwisha. Imepungua kiasi cha kunikalisha mezani kuandika.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimesimama katikati ya jikoni nikijaribu kuuona ule mruko wa tatu, na siuoni, kwa sababu hujui kusimulia. Umesema ameanguka. Ameanguka vipi? Aliondokea mguu gani? Alikuwa ameshamaliza kuzunguka ndipo akaanguka, au alifika chini bado anazunguka? Bega lake la kushoto lilikuwa wapi? Hayo ndiyo yanayomfanya mtu awe wa pili au wa tatu, na wewe unagombana na mama wa watu bila kuyaangalia.

Nimempigia Pirjetta. Tumezungumza dakika mbili, yeye zaidi. Jumamosi ana mazoezi ya wazi, nakwenda kwa treni ya saa mbili asubuhi.

Ukumbi wenyewe una viti vingi. Kama unakuja, nitakuonyesha pa kuangalia.

Tuulikki